Msiba Ulipopanda Juu

Nilikuwa naipenda ile programu ilipokuwa na kitufe kimoja. Unafungua simu, kitufe chekundu kinakukodolea macho, kipana kama kifuniko cha sufuria, kimeandikwa MSIBA. Basi. Hakuna mlango mwingine, hakuna uchochoro. Ukikibonyeza, simu za wanawake wote wa kikundi zinalia na kuonyesha msiba uko nyumbani kwa nani. Hata mimi niliyetolewa darasa la nne nikachunge ng'ombe wa baba nilikiweza siku hiyo hiyo.

Aliyeitengeneza ni mjukuu wangu wa kike. Nalitaja hilo mapema kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya, na sitaki mtu mwingine amseme. Nimemlea mimi. Amesoma kompyuta chuoni Shinyanga mpaka akamaliza, akarudi Katoro na joho lake kwenye mfuko wa nailoni, kazi hana. Alipeleka vyeti kila ofisi. Majibu hayakuja. Siku moja ananiangalia ninavyohangaika na mambo ya kikundi, akasema, "Bibi, hili naweza kuwatengenezea."

Kikundi chetu ni cha masufuria. Kukiwa na msiba tunapika, kukiwa na sherehe tunapika. Masufuria, maturubai, mikeka na madumu vinakaa stoo kwangu, na ufunguo unakaa shingoni kwangu, chini ya blauzi, hautoki hata nikioga. Zamani aliyefiwa alimtuma mtoto apite nyumba kwa nyumba. Sasa Katoro imejaa, nyumba zimebanana, na makarasha yanasaga mawe ya dhahabu tangu asubuhi. Mtoto anaita mlangoni, wewe uko jikoni unasikia mawe tu yanavyolia. Kuna mwenzetu alifiwa na mumewe, tukafika turubai la kukodi limeshafungwa na watu wamekunywa maji matupu. Aibu ile ndiyo iliyotufanya tumsikilize mtoto wa kompyuta.

Kitufe chekundu kilitufaa. Nilitamba nacho. Sokoni nilimkamata muuza dagaa mkono nikamwonyesha, kanisani nilimwonyesha katekista. Vikundi vingine vya hapa, na vingine vya Ushirombo, vikasema tunawatazama ninyi. Mkikaa nayo, na sisi tutaichukua. Kwa hiyo mjukuu wangu mkate wake ulikuwa mikononi mwa wanawake wa masufuria. Wakiikubali, ana kazi. Wakiitupa, anarudi kukaa ukumbini kwangu na joho lake.

Sasa wanawake hatutosheki. Mkutano mmoja jirani yangu wa ukuta, mwanamke mnene mwenye sauti kama ya spika ya mnadani, akasimama.

"Hii kitu inatujua siku ya kulia tu," akasema. "Mimi binti yangu anaolewa. Nikitaka watu wa kupika siku ya wakwe, nibonyeze wapi?"

"Na mgonjwa je?" mwingine akadakia. "Nikilazwa, nani atajua?"

"Na turubai! Kila siku turubai liko kwa nani, turubai liko kwa nani!"

Mjukuu wangu macho yakamng'aa. Akasema, "Hayo yote nitawawekea. Nitaongeza menyu."

"Menyu ya nini, kutakuwa na chipsi?" mama mmoja akauliza, watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilisema pale pale, na wako mashahidi: kiacheni kitufe. Nikaambiwa Bibi unarudisha watu nyuma. Haya.

Akajifungia chumba cha ndani na kompyuta yake. Chakula anapelekewa, chai inapoa, ukimwita anajibu "naam" halafu haji. Nikimuuliza unafanya nini muda wote huo, ananiambia menyu inafunguka lakini haifungi. Nikamwambia mlango wa choo chetu nao ndivyo ulivyo na hakuna aliyejifungia ndani kuutafakari. Akanitazama kwa lile jicho la watu waliosoma.

Siku aliyotoka nayo, wanawake wakakusanyika uani kwangu. Nikashika simu. Kile kitufe changu hakipo! Kioo kimekuwa cheupe, kisafi, na picha ya sufuria inayotoa mvuke.

"Kimeenda wapi?"

"Kiko ndani, Bibi. Gusa ile mistari mitatu pale kona ya juu."

"Mistari ipi?"

"Hiyo hapo."

"Huo si uchafu?" Nikaupangusa kwa kona ya kanga. Ubao ukachomoza kutoka ubavuni kama mtu anayechungulia mlango wa jirani.

"Umeiweza!" mjukuu wangu akapiga makofi.

Nimeweza nini? Nilikuwa nafuta uchafu.

Kwenye ule ubao kulikuwa na Sherehe, chini yake Msiba, kisha Mgonjwa, Vyombo, Mikutano, Mipangilio, na mwisho kabisa Kuhusu.

"Kuhusu nini?" nikauliza.

"Kuhusu programu yenyewe."

"Nani aliuliza?"

"Programu zote zinayo, Bibi."

"Ukigusa inasemaje?"

"Inasema imetengenezwa na nani."

Hapo niligusa, na jina la mjukuu wangu likatokea, lote, na la babu yake mwishoni. Nilikaa nalitazama. Lakini hasira zangu zikarudi nilipotaka kurudi nilikotoka, nikakuta kuna nukta tatu kona nyingine, nazo zina ubao wake. Mistari mitatu huku, nukta tatu kule. Nilimwambia mtu akiweka chumvi kwenye kopo la sukari na sukari chini ya kitanda, tunasema huyo amechanganyikiwa. Yeye anasema amepanga.

"Sijaficha, Bibi. Nimepanga."

"Kitu nilichokuwa nakiona sasa sikioni. Hiyo kwetu ni kuficha."

Wenzangu walijifunza upesi kuliko mimi, lakini si kwa kusoma. Wengi wetu kusoma kunatuchukua muda, na wengine miwani wameiacha kwa wakwe. Walijifunza kwa mahali. Jirani yangu akatunga na kiitikio kabisa, anatuimbisha kama watoto wa chekechea: "Ya juu kucheka, ya chini yake kulia!" Nasi tunaitikia. Ya juu kucheka, ya chini yake kulia. Hivyo ndivyo tulivyoshika, na ndivyo kila mmoja anavyoshika vitu vyake. Mimi stoo siwashi taa. Mkono wangu unajua mwiko mkubwa uko wapi.

Lakini mjukuu wangu alikuwa ameweka ujanja humo, na ujanja wenyewe alitueleza kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Programu inaangalia kitu gani kinatumiwa zaidi, halafu inakipandisha juu, ili kiwe karibu na kidole. Kwa nia njema. Wiki ile akafariki mzee mmoja upande wa mnadani, na kabla hatujaanua maturubai akafariki mama mmoja aliyeugua muda mrefu. Msiba ukabonyezwa na ukabonyezwa tena. Ukapanda juu. Sherehe ikashuka. Kimya kimya, kama mtu anayehama usiku bila kuaga, na sisi huku tunaimba ya juu kucheka.

Wakwe wa jirani yangu walitoka Ushirombo. Ilikuwa siku ya kuzungumza mahari, ng'ombe watajwe, watu wapatane. Walisema watakuja wachache na watachelewa. Wakaja gari zima, na mapema, mchele haujachaguliwa na kuku bado wanatembea. Jirani yangu akawapa soda, akaingia jikoni akaona amezidiwa, akachukua simu atuite tukamsaidie. Akagusa mistari mitatu. Akagusa ya juu. Simu ikamuuliza una uhakika, akagusa ndiyo.

Mimi nilikuwa uani napepeta choroko. Simu ikalia. Nikaona neno Msiba, nikaona na jina la jirani. Ungo ulinitoka mkononi. Mtoto wa kiume wa yule mwanamke yuko maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, anashuka chini kila siku, na sisi tunaokaa kwenye nchi hii ya dhahabu, simu ya namna ile ikilia kwa mwenye mtoto shimoni huhitaji kuelezwa.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikajitanda nyingine kichwani, nikashika njia. Kutoka mlangoni kwangu kwenda kwake unazunguka ukuta na kona ya mashine ya kusaga. Kwenye kona nikakuta wenzangu wanakuja, wengine peku, mmoja ana unga mpaka viwikoni. Kwetu hapa kilio kinaanzia njiani. Huingii msibani kimya kama mtu anayekwenda kuomba moto. Na mimi ndiye mkubwa wao, kwa hiyo nilitangulia mimi, na nilikianzisha mimi.

"Mayuuu! Mayu wee! Mtoto wetu wee!"

Wakapokea nyuma yangu. Tukaingia uani tumejaa mlango, mikono kichwani, mwenzangu mmoja akajitupa chini palepale kwenye kizingiti, kwa sababu yeye ndivyo anavyolia.

Nikafungua macho. Mbele yangu kuna wanaume wamevaa makoti, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wameshika chupa za soda. Kuna bibi mmoja wa makamo yangu, amevaa vitenge vipya vinavyonukia duka, soda yake imesimama katikati ya njia ya kwenda mdomoni. Bibi wa bwana harusi.

Kutoka ndani bibi harusi akasikia vilio. Naye akawaza alichokiwaza kila mtu. Akatoka na nusu ya nywele zimesukwa na nusu hazijasukwa, anaita, "Kaka! Kaka yangu!" akaanguka kwenye mikeka ya wageni.

Jirani yangu akatoka jikoni na mwiko. "Nani amekufa?" anatuuliza sisi.

"Si wewe umetuita?"

"Nimewaita mje kupika!"

"Umeita msiba!"

"Msiba gani, ninyi wanawake mna wazimu? Nimegusa ya juu!"

Yule aliyekuwa kwenye kizingiti akainua kichwa, akasema, "Kwa hiyo niinuke?" Mahali pengine tungecheka.

Bibi wa bwana harusi aliweka soda chini taratibu. Akasimama, akakung'uta vitenge vyake. Akasema kwa Kisukuma, polepole, ili kila mtu asikie, kwamba amefika nyumba nyingi katika maisha yake kuomba mke, na hajawahi kupokelewa kwa kilio. Mjukuu wake hatachukua mke kwenye machozi. Jirani yangu akapiga magoti, na mwiko wake mkononi. Baba wa binti akajaribu kueleza habari za simu, na habari za simu ukizieleza mbele ya watu wenye hasira zinazidi kuwa za kijinga. Gari likawashwa. Kuku walipona siku ile.

Jioni jua halijazama jirani yangu aliingia kwangu bila hodi.

"Programu ya mjukuu wako imenifukuzia wakwe."

Nikamsogezea kigoda. Hakukikalia.

"Jumapili tunakutana," akasema. "Na kitu hicho kinatoka kwenye simu zetu. Chote. Na huyo mtoto akatafute watu wengine wa kuchezea."

Akaondoka. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, amesikia yote. Hakulia. Akaniuliza swali ambalo lilinipandisha mori kuliko msiba wa bandia.

"Mbona hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza kwanza?"

"Kuuliza nini?"

"Kuuliza nani amefariki. Simu mnazo mkononi."

"Msiba unauliziwa kwenye simu? Mtu amefiwa, wewe unapiga simu, haloo, amekufa nani? Ili upime kama anastahili uache choroko zako? Ukisikia msiba unainuka. Nani, utamjua ukifika. Hujui hilo?"

"Sikujua."

"Umezaliwa hapa!"

"Bibi, kila kukiwa na msiba ulikuwa unaniambia kaa ndani usome."

Nikamwambia akachote maji.

Siku zilizofuata tuligombana asubuhi na jioni. Alisema simu iliuliza una uhakika. Nikamwambia simu zinauliza uongo huo kila saa, zinauliza mpaka ukitaka kutazama saa, nani anasoma? Alisema angewafundisha watu wasome kabla ya kugusa. Nikamwambia wafundishe na mbuzi. Mwisho nikasema hivi: toa menyu yote, toa mistari, toa nukta, kila kitu kiwe nje, mbele ya macho, kama zamani. Mimi ndiye mkubwa, fanya.

Akafanya, kwa hasira, bila kunijibu. Akanipa simu.

Kioo kilikuwa kimejaa vitufe kama meza ya mitumba. Harusi, mahari, ubatizo, maulidi, mgonjwa, turubai, sahani, mkutano, msiba, vyote vimebanana, maandishi madogo kama chawa. Kidole changu kimechochea ugali miaka yote hii, si chembamba. Kikilala, kinalalia vitufe zaidi ya kimoja. Nikasema niguse turubai nione.

Hatujakaa sana, hodi mlangoni. Mama mmoja wa kikundi, yule wa unga mpaka viwikoni, ambaye zamu ya wagonjwa ilikuwa yake, kashika chupa ya uji, uso umejaa huruma.

"Pole, mayu. Nini tena, presha?"

Nilikuwa nimegusa Mgonjwa.

Ningemwambia nini? Kama ningesema programu imekosea tena, asubuhi ile ile mji mzima ungejua. Nikakaa kwenye mkeka, nikashika kichwa, nikanywa uji. Wa ulezi, na mtamu, ndilo jambo zuri pekee la wiki ile. Mjukuu wangu akaingia ndani mbio, na nikamsikia huko chumbani anacheka ndani ya mto. Nilitaka kukasirika. Lakini nilikuwa sijamsikia akicheka tangu arudi kutoka Shinyanga.

Mama wa uji alipoondoka akatoka, macho yamemvimba kwa kicheko.

"Bibi, wewe umekosea na mimi nimekosea."

"Mimi nilikuwa naumwa," nikamwambia.

Kesho yake asubuhi hakufungua kompyuta. Akavaa kanga, akaenda kwa jirani. Mimi nilichungulia juu ya ukuta kwa kupanda kwenye dumu. Nikasikia shikamoo yake, na sikusikia marahaba. Akaketi chini bila kukaribishwa, akavuta sinia la mchele, akaanza kuchagua. Jirani yangu akamtukana. Alimtukana yeye, na chuo chake, na kompyuta yake, akanitukana na mimi niliyemzaa aliyemzaa. Mtoto anachagua mchele. Kesho yake tena akaenda, akamenya viazi. Siku hiyo matusi yalipungua. Nikasikia jirani anamwambia, "Sasa we mtoto, unataka nini kwangu?"

"Nataka nione kidole chako kinaendaje, mama."

"Kidole?"

"Shika simu kama siku ile. Usiniambie kitu. Fanya tu."

Nilikaa juu ya dumu mpaka magoti yakakataa. Jirani anagusa, mtoto anatazama, hasahihishi, hasemi siyo hapo. Hakuna alichoandika. Alipokuja nyumbani aliniambia, "Hamtazami jina. Mnakwenda mahali."

"Nimekwambia tangu lini?"

"Hujaniambia, Bibi. Umenigombeza tu."

Hilo nalo lilikuwa na ukweli wake, nikaliacha lipite.

Akajifungia tena. Safari hii alikuwa anatoka kula. Siku moja akaniita nyuma ya jiko, akanishikisha simu karibu na mdomo. "Bibi, piga vigelegele."

"Kwa furaha gani?"

"Piga tu."

Nikapiga. Akasema vya uongo. Nikapiga tena, mbwa wa jirani akabweka ndani yake, ikabidi turudie. Akasema nikumbuke siku alipovaa joho. Nikakumbuka. Tulikuwa tumesimama pale Shinyanga kwenye jua, mimi na viatu vya kuazima, jina lake likaitwa, na babu yake hakuwepo kulisikia. Nikapiga kile kigelegele, na nilipomaliza sikuweza kumtazama. Akasema, "Hicho hicho."

Jumamosi washenga wakaleta neno kutoka Ushirombo. Bibi wa bwana harusi amekaa na hasira zake amezichoka. Anasema wale wanawake waliomlilia waje nyumbani kwake na masufuria yao, wapike pale pale mbele yake, wapige vigelegele kuanzia barabarani mpaka mlangoni, wayafute machozi waliyoyaleta. Wasipokuja, kila mtu abaki na mtoto wake.

Jumapili uani kwangu palijaa. Hakuna aliyekosa, hata wale ambao michango yao ya kazi ni kuja kutazama. Jirani yangu akasimama.

"La kwanza, Ushirombo tunakwenda?"

Tunakwenda, wote.

"La pili. Hii kitu." Akainua simu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. "Mimi nilisema inatoka. Lakini huyu mtoto amekaa jikoni kwangu, nimemtukana mpaka mate yamenikauka, akanimenyea viazi. Kwa hiyo nitaijaribu mara moja. Nitawaita safari ya Ushirombo kwa hii hii. Ikilia msiba, kila mmoja anaifuta, na neno limekwisha."

Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa stoo, vidole vyake vimekamatana. Wanawake wakaweka simu zao magotini, kwenye pochi, kwenye fundo la kanga. Hata makarasha nilihisi yamenyamaza, ingawa hayanyamazi.

Jirani yangu akafungua. Kitufe chekundu kilikuwa kimerudi mahali pake, peke yake katikati, na mtoto alikuwa ameshatuonyesha kwamba safari hii hakigusiki kwa bahati mbaya. Ni lazima ukishikilie mpaka kijae rangi, kama unavyomshika mkono aliyefiwa. Vingine vyote viko ndani ya mistari mitatu, na havitembei. Sherehe iko juu, na itakaa juu hata tukizika mji mzima.

Kidole chake kikaruka kitufe chekundu, kikaenda kona. Ubao ukachomoza. Akagusa ya juu.

Vigelegele vyangu vikatoka kwenye mapochi. Vikatoka kwenye mafundo ya kanga, vikatoka kifuani kwa mama mmoja mnene ambaye alishtuka mpaka akaruka. Sauti yangu, ile ya Shinyanga, imetapakaa uani kwangu, mmoja anaanza mwingine anamalizia, na mimi mwenyewe nimekaa kimya mdomo wazi.

"Bibi, umeingiaje kwenye sidiria yangu?" yule mama akapiga kelele.

Wakaangua kicheko. Aliyejitupa kwenye kizingiti siku ile alicheka mpaka akajitupa tena. Jirani yangu akatazama simu, akamtazama mjukuu wangu, akasema, "Shikamoo yako ya siku ile. Marahaba."

Kukawa na mmoja aliyesema yeye bado anataka ifutwe. Kila kikundi kina wa hivyo. Wengine waliibakiza. Mjukuu wangu aliingia stoo akijifanya anatafuta miiko, na nilimwacha humo gizani mpaka alipokuwa tayari kutoka.

Tulikwenda Ushirombo kwenye fuso, juu ya masufuria, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Tulishukia barabarani tukapiga vigelegele vya mdomo, vya kweli, mpaka mlangoni. Tulipika. Bibi wa bwana harusi alikula, akaomba kuongezewa, na ng'ombe wakatajwa.

Baada ya chakula akaomba aione hiyo simu iliyomlilia. Akaketi kando yangu, akaishika mbali na uso kama mimi ninavyoshika. Nikamwonyesha mistari mitatu pale kona. Na bado inafanana na uchafu, nimesema mara nyingi, mjukuu wangu anasema dunia nzima ndivyo inavyotumia, nami namwambia basi dunia nzima ina kioo kichafu. Yule bibi akaitazama, hakuigusa. Macho yake yalikwenda kwenye kitufe chekundu. Akarudisha mkono wake mapajani.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

Akamwita mjukuu wangu, ambaye alikuwa anaosha sufuria pamoja na bibi harusi. Akaja na povu mikononi, akapiga goti.

"Hivi vingine cheza navyo utakavyo," bibi akamwambia. "Hiki usikisogeze."

"Sikisogezi, Bibi," mjukuu wangu akasema, akarudi kwenye masufuria.